Mwenzi wa Barafu

Kazini walimwita Dada Baridi. Kisa cha kwanza kilikuwa kazi yake, maana alisimamia mizigo isiyotaka joto: chanjo, dawa za sindano, na vile vitendanishi ambavyo maabara huchanganya na damu ya mgonjwa kujua anaumwa nini. Kisa cha pili, walisema wenye midomo yao, ni kwamba hacheki na mtu. Hapo walimwonea. Dada Baridi alicheka sana, ila alichekea kwenye simu.

Ofisi yake ilikuwa kijichumba ubavuni mwa chumba cha baridi, na dirisha lake la pekee lilitazama makasha. Mtambo ulinguruma ukutani kutwa nzima, hata akifika nyumbani jioni masikio yalikuwa yanautafuta. Huko nyumbani palikuwa na kitanda, jiko, televisheni, na kiti cha pili ambacho kazi yake ilikuwa kubeba nguo zinazosubiri pasi. Mume alikuwepo zamani, akaondoka na miguu yake mwenyewe, na sasa anawahangaisha wengine. Mdogo wake wa kike alimpigia Jumapili, kila mara akiwa na sufuria jikoni na haraka ya kukata simu.

Kwa hiyo watu wake walikuwa wale wa kwenye simu. Palikuwa na wakala wa forodha mwenye kikohozi kisichopona, na mama wa bohari ya hospitali kubwa aliyeanza kila jambo na "sikiliza, mwanangu", hata akitaka kugomba. Na kuliko wote palikuwa na Bwana Barafu.

Huyu alisimamia kiwanda cha barafu kavu katika mji mwingine. Barafu hiyo haiachi maji. Inatoweka tu hewani, inafuka moshi mweupe mpaka imekwisha. Wanaipanga kwenye makasha ya dawa ili mzigo ufike ukiwa umeganda. Huwezi kuiwekea akiba, ukizubaa unafungua kasha unakuta hewa. Ndiyo maana ilibidi wazungumze kila siku alasiri: kesho kilo ngapi, gari lipi, linatoka saa ngapi. Mazungumzo hayo yangeisha kabla chai haijapoa. Wao waliyavuta mpaka chai ikapoa, na miaka ikapita hivyo bila kuonana uso kwa uso.

"Dada Baridi, habari za ughaibuni?" ndivyo alivyoanza kila siku.

"Theluji imeanguka, tumevaa makoti."

"Mtuletee na sisi, huku tunaungua."

"Si wewe ndiye unayetuletea?"

Kisha Dada Baridi aliuliza, "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Na wewe, nyumbani?"

"Nyumbani kwangu ni mimi. Sijambo."

"Basi msalimie sana huyo mimi."

Utani mwenyewe ulikuwa mdogo, lakini alikwenda nao nyumbani, na mara nyingine akijitengenezea chai alijipa salamu kweli. Siku za karibuni Bwana Barafu alikuwa akiulizwa habari za nyumbani anajibu, "Tunaendelea hivyo hivyo." Dada Baridi aliyapokea hayo kama watu wanavyopokea salamu, kwa sikio moja.

Basi wakubwa wa kampuni wakaenda semina kwenye hoteli yenye mazulia, wakashiba, wakarudi na neno. Meneja aliwakusanya wafanyakazi wote ghalani kulitangaza.

"Kuanzia leo hatuna wasambazaji," alisema. "Msambazaji anakuuzia anaondoka. Sisi tuna wenzi. Mwenzi yuko nawe kwenye raha na kwenye shida."

Tairi, dereva wa gari la baridi, akanyoosha mkono. "Bosi, naomba tu mke wangu asisikie. Akijua nina mwenzi wa mafuta na mwenzi wa matairi, nitalala nje."

Ghala zima lilicheka isipokuwa meneja. Lakini neno likisemwa na mwenye mshahara hugeuka lugha. Haukupita muda, hata Tairi mwenyewe alikuwa anasema mwenzi wa forodha na mwenzi wa maboksi bila kutabasamu. Mkataba ukivunjika, barua ilisema kampuni imempoteza mwenzi wake. Msimu ule walimpoteza wa maboksi, wakampoteza na wa magari ya kukodi, wakapata wengine wa bei ya chini, na hakuna aliyemwaga chozi.

Dada Baridi alimsimulia Bwana Barafu habari hiyo, wakacheka mpaka akajifuta macho.

"Kwa hiyo mimi ni mwenzi wako?" Bwana Barafu aliuliza. "Na mahari unaleta lini?"

"Nakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo."

"Haya, nitasubiri. Mimi huku mwenzi wangu wa gesi ya kutengenezea barafu ananitoa jasho. Kila wiki ananitishia kuondoka."

Sasa, siku yenyewe. Makasha ya vitendanishi yalikuwa yameshuka kwenye ndege, yamekwama kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa kwenye kibali, na jua lilikuwa kali. Wakala wa forodha alikuwa anakohoa kwenye sikio la kushoto la Dada Baridi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, kana kwamba kusimama kwake kungeshusha joto. Simu ya pili ikalia. Alikuwa Bwana Barafu, na haikuwa saa yake. Dada Baridi akaiweka kwenye sikio la kulia.

"Dada," akasema Bwana Barafu. Hakutaja ughaibuni wala theluji. "Dada, nimempoteza mwenzangu."

"Ah, pole bwana," akajibu Dada Baridi, macho yake kwa meneja. "Ameondoka kweli? Ndivyo walivyo hao. Usijiumize kichwa, utapata mwingine, tena wa bei nafuu kuliko yeye. Sisi huku tumebadilisha wawili na wala hatujuti."

Nyuma ya simu alisikia magurudumu ya toroli yakipita sakafuni. Alidhani ni toroli la kiwandani.

"Sawa, dada," akasema Bwana Barafu.

"Na barafu ya kesho?"

"Itakuja."

Kibali kikarekebishwa, makasha yakaokolewa, meneja akashusha mikono. Dada Baridi alikwenda nyumbani amechoka lakini ameridhika, kwa sababu pamoja na zogo lote lile alikuwa amepata nafasi ya kumfariji rafiki yake. Hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi baadaye, kwamba usiku ule alilala vizuri.

Habari aliletewa na Tairi, aliporudi na shehena.

"Kiwandani kumepooza," alisema akifungua milango ya gari. "Wengi wako msibani. Mke wa Bwana Barafu amefariki, jana wamemzika. Wanasema alikuwa amelazwa muda mrefu. Hukuwa na habari?"

Dada Baridi alikaa juu ya kasha lililokuwa karibu. Maneno yake mwenyewe yakamrudia, moja baada ya jingine, na lile la bei nafuu likarudi mara nyingi kuliko mengine. Ulimi ulikuwa umemponza, na haukumponza kwa mtu wa mbali. Aliona aibu ya kutaka kujificha ndani ya chumba cha baridi na kufunga mlango. Chini ya aibu kulikuwa na hofu ambayo aliitambua mara moja: katika dunia hii alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na huenda amekwisha kumpoteza.

Alipiga simu. Ikapokelewa na msichana wa ofisini aliyeuliza kilo ngapi. Akapiga kesho yake, na keshokutwa, msichana ni yuleyule. Bwana Barafu aliporudi kazini hakupiga alasiri. Alituma ujumbe: barafu imetoka. Dada Baridi aliandika maelezo marefu akayafuta, akaandika mengine akayafuta nayo, mwishowe akapeleka mafupi: "Pole sana kwa msiba. Siku ile sikukuelewa."

Jibu lilikuja upesi. "Asante. Kesho kilo ngapi?"

Hakuna kosa katika jibu hilo. Mtu mwingine angelisoma akashukuru Mungu kwamba yamekwisha. Yeye alilisoma akaona mlango umefungwa taratibu, kwa adabu, na mtu aliyeko ndani. Alasiri zikawa ndefu. Alikula chakula chake akitazama makasha kupitia kioo, simu iko mezani, na saa ile ikifika alikuwa anaiangalia hata bila kutaka. Nyumbani aliongeza sauti ya televisheni. Hakujipa salamu tena.

Alivumilia hivyo mpaka akakata shauri. Kampuni zinazoshughulika na dawa zina kanuni kwamba kila anayegusa mzigo lazima akaguliwe: mizani yake, milango yake, namna watu wake wanavyovaa glavu. Kwa kawaida Dada Baridi aliwapelekea fomu wakajaza wenyewe. Safari hii alimwambia meneja anataka kwenda mwenyewe kiwanda cha barafu.

"Hiyo ndiyo roho ya wenzi," meneja alisema kwa furaha. Dada Baridi alimeza alilokuwa nalo mdomoni, maana lingemfukuzisha kazi.

Alipanda gari la Tairi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, anayapangua. Tairi alimtupia jicho mara mbili tatu, akaiacha redio imsaidie.

Bwana Barafu alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa amekonda, shati limempwaya mabegani, na miwani yake ilikuwa na ukungu kwa kuingia na kutoka kwenye baridi. Dada Baridi alipomsalimu tu, akageuka haraka.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

"Ndiye mimi."

Wakasimama. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufuata, wakafanya ukaguzi. Walifanya ukaguzi ambao kampuni ile haijawahi kuuona. Dada Baridi alipima mizani iliyokwisha pimwa, akauliza kuhusu mlango wa dharura, akaomba kuona glavu, akaulizia na soli za viatu. Bwana Barafu alijibu kila swali kwa ukamilifu, kama shahidi mahakamani. Wafanyakazi waliwapisha wakidhani ni mkaguzi mkali. Walipofika uani, Tairi alikuwa anapakia, na moshi mweupe ulikuwa unatambaa kwenye sakafu kuzunguka viatu vyao. Maswali yakamwishia Dada Baridi.

"Siku ile nilidhani unamsema mwenzi wako wa gesi," akasema.

"Najua. Nilijua hata kabla hujakata simu."

"Mbona hukuniambia?"

Bwana Barafu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Ilichukua muda kusafika.

"Ningeanzia wapi, dada? Nilikuwa nimesimama nje ya wodi. Daktari ametoka, ameshaniambia. Watoto hawajajua. Ndugu zake hawajajua. Nikatoa simu mfukoni, na kidole kikaenda kwako chenyewe. Wewe ndiye niliyekuambia wa kwanza."

Maneno yote aliyoyapanga garini yalikuwa ya kuomba radhi kwa mtu aliyemkosea. Hakuwa amejiandaa kuambiwa kwamba alikuwa wa kwanza. Miaka yote alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akiingoja alasiri.

"Sikukasirika," akaendelea Bwana Barafu, kwa upole uleule. "Sina kinyongo, naomba ulijue hilo. Ila baada ya pale nilimpigia shemeji yangu, dada yake marehemu. Yeye alikaa kwenye simu, tukalia wote. Kesho yake akapiga tena. Sasa jioni nazungumza naye. Nimemzoea."

"Umefanya vizuri," akasema Dada Baridi, na alimaanisha, na kulisema kulimuuma.

"Umekuja mbali."

"Nilitaka kukupa pole."

"Nimepoa."

Tairi alifunga milango ya nyuma, akapiga honi fupi, kwa sababu barafu ile haimsubiri mtu. Wakapeana mikono, wa Bwana Barafu ukiwa bado na ubaridi wa kazi. Dada Baridi alipanda mbele, akafunga mkanda, akatazama mbele kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka Tairi ayaone. Injini ikawaka. Akasikia kioo kinagongwa upande wake. Bwana Barafu alikuwa amewafuata. Dada Baridi akashusha kioo.

"Mkifika nijulishe," akasema Bwana Barafu.

Hayo ni maneno anayoambiwa mtu na watu wake. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho kuna mtu alitaka kujua kama amefika.

"Nitakujulisha," akajibu.

"Joto la kasha la chini hasa," akasema Bwana Barafu, akipiga ubavu wa gari kwa kiganja ili dereva aondoke. "Ndilo linalosumbua."