Swali la Wakili

Nilikuwa nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa, "Mtuhumiwa asikilizwe kabla ya kuadhibiwa," mwalimu mkuu alipoingia bila hata hodi, kama kawaida yake.

Akamnyooshea kidole msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake humwita Wakili.

"Wewe ndiye uliyevunja dirisha. Wiki mbili nyumbani!"

Wakili akasimama. "Samahani, mwalimu. Nani aliniona?"

Mkuu akanigeukia, amefura kwa hasira. "Haya ndiyo unayowafundisha?"

"Ndiyo, mkuu. Yamo kwenye azimio la kazi ulilolitia sahihi wewe mwenyewe."

"Futa huo upuuzi!"

Nikamkabidhi kifutio.

"Futa mwenyewe. Wote arobaini wameshanakili. Na mtoto bado anasubiri jibu lako."