Neno la Walio Hai

Tangu mjini Tbilisi mpaka mlangoni kwa mzee Grigol, Tsiala alikuwa ameyarudiarudia maneno yake mpaka yakachuja. Angesaidia kuvuna zabibu kama kila Oktoba, angekula, kisha angemvuta mke wa mzee, mama Maro, pembeni na kumwambia kwamba anataka kuolewa. Basi, hilo tu. Lakini lilimlemea, maana Maro hakuwa mama yake wa kumzaa. Alikuwa mama wa Zaza, na Zaza ndiye aliyemvisha Tsiala pete kabla ya kwenda vitani kule upande wa bahari. Hakurudi. Maiti haikuonekana wala habari haikuja, na vita vyenyewe viliisha, watu wakaanza kuvisahau.

Maro alikuwa na amri moja nyumbani mwake, na ole wake aliyeivunja. Kwetu mkoani Kakheti mtu hagugumii mvinyo kama ng'ombe mtoni. Kila glasi ina maneno yake. Ukimtaja aliye hai unasema, "Ushindi kwake." Ukimtaja marehemu unadondosha mvinyo juu ya kipande cha mkate na kusema, "Mungu amwangazie." Hata mlevi hachanganyi hayo. Sasa Maro alikwishaamua: Zaza atatajwa pamoja na walio hai, na asiyekubali asile kwake. Kaka yake wa tumbo moja alipitiwa siku ya Pasaka akamtajia Zaza neno la wafu, na tangu siku hiyo hajakanyaga pale.

Ndiyo maana Tsiala aliogopa. Angeweza kuolewa mjini kimyakimya, nani angemzuia? Lakini moyo ulikataa. Wazee wale walimfanya binti yao walipobaki hawana mtoto, na bila ridhaa ya Maro ndoa ingemkaa kooni maisha yake yote.

Bwana mwenyewe, Anzor, alikuwa fundi wa friji, mgane, mtu mpole wa maneno machache. Ndiye aliyeendesha gari. Walikubaliana kwamba kwa leo awe dereva wa kukodi tu mpaka Tsiala atakapofungua mdomo, na Anzor hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Njiani Tsiala alimpa mawaidha yote: asikatae glasi ya kwanza, amsifie mzee mvinyo wake, asimkazie yeye Tsiala macho mbele ya watu. Amri ya Zaza hakuitaja. Si kwamba aliificha. Akiwa mjini na Anzor, Zaza alikuwa marehemu siku zote, na mtu hakumbuki kuonya juu ya jambo ambalo moyoni mwake limekwisha.

Waliwakuta wazee shambani, umande bado uko kwenye majani. Maro alimkagua Tsiala kutoka juu mpaka chini, akamwuliza kama mjini siku hizi wanakula karatasi, maana amekonda. Kisha akamgeukia Anzor, aliyekuwa ameshika kichala kwa mikono miwili kwa woga wa kukiponda.

"Dereva, hizo ni zabibu, si mayai. Kata, tia kwenye kikapu."

Walivuna mpaka jua likawa utosini. Shamba lenyewe dogo, la kuvunwa na jamaa tu. Walipofika mistari ya juu, Maro aliusimamia mzabibu mmoja akaufuta vumbi kwa aproni. Hiyo mistari alikuwa ameipanda kwa ajili ya Zaza. Alisema akirudi ataikuta imeshazaa, na Tsiala akaitikia, "Ndiyo, mama," kama alivyoitikia mwaka jana na mwaka juzi. Safari hii neno lilimtoka kwa shida.

Grigol alizikanyaga zabibu kwenye hori la mti, suruali imekunjwa magotini, na maji yake yakachuruzika kwenye mtungi mkubwa uliozikwa sakafuni mpaka shingoni. Humohumo bandani, kando ya mitungi, ndipo meza ilipoandaliwa: nyama iliyochomwa kwa makaa ya vijiti vya mizabibu, bilinganya, jibini, na mkate uliotoka tanurini. Grigol alikuwa mkuu wa meza. Alinyanyua glasi kwa Mungu, akanyanyua kwa amani, kisha ikafika zamu ya marehemu. Akamega mkate, akadondosha mvinyo, akawataja baba yake, mama yake na dada yake. Halafu, kama desturi inavyotaka, akamkabidhi mgeni neno aliendeleze.

Anzor alisimama. Alimtaja mkewe, Nargiza. Angeketi hapo yasingetokea yaliyotokea. Lakini ni mtu wa adabu, akaona si vizuri kutaja msiba wake akauruka wa wenyeji. Akadondosha mvinyo tena.

"Na kijana wa nyumba hii, Zaza. Mungu amwangazie."

Kisu kilimponyoka Maro mkononi. Hakumtazama Anzor. Alimtazama Tsiala.

"Dereva hawajui watu wa nyumba hii. Nani amemwambia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: amesikia vibaya, mama, ni mgeni. Tsiala akaumeza.

"Ni mimi, mama."

"Huko mjini unamtaja hivyo?"

"Namwashia mshumaa kanisani. Upande wa marehemu. Miaka yote hii."

"Na hapa unaniitikia ndiyo, ndiyo."

"Nilikuogopa, na ninakupenda. Lakini siwezi tena kukudanganya."

Maro aliinuka akatoka. Anzor, uso umemshuka, akaanza kuomba radhi. Mzee Grigol alimwambia kwa sauti ya chini akae, kwani neno hakulikosea. Tsiala alimfuata Maro akijua anakwenda kufukuzwa.

Alimkuta kwenye mistari ya juu, ameshika mti wa kuegemezea mizabibu. Maro alizungumza bila kugeuka.

"Yule baba yako mezani hawezi kuficha kitu. Humega mkate vipande vitatu, halafu kingine anakitia mvinyo harakaharaka na kukifunika kwa kiganja. Kila mwaka. Anadhani mimi kipofu. Wote mmeshamzika. Mmeniacha nishikilie mlango peke yangu."

"Tusamehe, mama."

"Nilijua. Tangu ile baridi ya kwanza bila yeye nilijua. Ila nilisema nikilitamka mimi niliyemzaa, ndipo atakapokufa kweli."

Hapo Tsiala akalia, akalia kwa sauti, na Maro akamshika kichwa akakilaza kifuani. Kisha Maro akajifuta pua kwa aproni.

"Yule si dereva."

"Si dereva, mama."

"Nimejua tangu asubuhi. Dereva wa kukodi hamwangalii abiria wake vile akipanda mlima. Ana watoto?"

"Hana."

"Haya, twende. Nyama inapoa."

Bandani wanaume walikuwa hawajagusa kitu. Maro hakuketi. Alimega mkate, akashika glasi, akaudondoshea mvinyo.

"Zaza, mwanangu," alisema. "Mungu amwangazie."

Mzee Grigol alikifunua kiganja chake. Kipande kilikuwa pale, kimelowa mvinyo. Akakisogeza mpaka kikagusana na cha mkewe, kisha akauficha uso na kulia mbele ya mgeni bila kujali.

Sasa kwetu watu hawainuki mezani na neno la wafu mdomoni. Baada ya marehemu hunyanyuliwa glasi kwa walio hai, na katika nyumba hiyo, mwaka baada ya mwaka, glasi hiyo ilikuwa ya Zaza. Wote walikuwa wakisema "Ushindi kwake", halafu wananyamaza, maana anayetajwa ndiye hujibu, na hakuwepo wa kujibu. Grigol alinyanyua glasi kwa mazoea, akairudisha mezani.

Maro akaijaza glasi yake upya. Akamgeukia Tsiala, kisha Anzor, akawatazama kwa zamu.

"Ushindi kwenu," alisema. "Ninyi wawili."

Tsiala akasimama na kujibu, "Asante, mama."