Kishikio cha Chuma Laini

Tangu Kananu aajiriwe katika karakana ya Abdiwahab, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, Alio hakuwahi kulitamka jina lake. Akitaka ampishe njia, aligonga meza. Akitaka kumsema, aliongea na ukuta: "Siku hizi kila mtu fundi." Kananu, binti wa Meru aliyesomea ufundi wa mitambo, alijifanya hasikii. Alikuwa amezoea wanaume wa karakana. Lakini wale wa kwingine walimcheka tu, huyu alimchukia.

Chanzo kilikuwa mashine. Kwa miaka mingi karakana ilikuwa na kerezo moja la kuchongea vyuma, na kerezo hilo lilikuwa la Alio kama mguu wake. Hakuna aliyeligusa bila ruhusa yake. Kisha shafti zikaanza kurudi. Wateja walizileta zimelegea kwenye beringi, wakaona haya kumwambia mzee kwamba macho yake yamechoka. Abdiwahab naye hakumwambia, maana Alio alikuwa abti wake, ndugu wa mama yake, na mtu hamfukuzi abti. Alichofanya ni kununua kerezo la pili, kuukuu, na kumleta Kananu alitumie.

Kerezo lilifika bila vishikio, vile vipande vinavyokibana kisu kisitikisike kinapokata chuma. Vya Alio vingeingia sawasawa. Vilikuwa ndani ya sanduku lake, na sanduku lilikuwa na kufuli.

"Abti, mwazime hata kimoja," Abdiwahab alimsihi.

"Wewe mswaki yako unaazima mtu?"

Abdiwahab akatazama sakafu. "Fundi Kananu," akasema, "jitengenezee vyako."

Na kazi ilikuwa ikingoja. Salat, mzee wa kamati ya kisima cha Sangailu, alikuwa ameacha chuma cha kukerezewa shafti ya pampu. Kisima kilikuwa kimesimama, na ng'ombe wengine walikuwa wamelala chini hawataki kuinuka. Alisema angerudi kesho yake baada ya swala ya adhuhuri, na alisema hivyo akimtazama Kananu, jambo ambalo Alio aliliona.

Kananu akaenda kwenye lundo la vyuma vikuukuu uani. Alio alivuta kiti kivulini, akashika kikombe chake cha chai ya maziwa, akatazama.

"Mama anaokota kuni," aliuambia ukuta.

Kananu alikigonga kipande cha bloku ya injini kwa nyundo, kikatoa sauti butu. Chuma cha kumimina. Kinabeba uzito vizuri, lakini ukikaza bolti juu ya kisu, mdomo wake unameguka kama chungu. Akakiweka kando. Alumini ya gia boksi ilikuwa rahisi kukata, ila hesi zake, zile njia za bolti, zingelika baada ya kufunguliwa na kufungwa mara chache. Springi za lori zilikuwa nyembamba, na zilikuwa ngumu kiasi cha kuvunja msumeno. Mwishowe akaivuta hafshafti ya lori lililofia njia ya Kutulo. Ilimtoa jasho kuigeuza. Hiyo ndiyo aliyoitaka: chuma kilichozungusha magurudumu chini ya mzigo bila kukatika kisingeshindwa kushika kisu kidogo.

Ila ganda lake lilikuwa gumu, tupa isingekula. Dawa yake ni moto na subira. Alikata kipande kinene kwa grainda, akakitia kwenye makaa hadi kikawa chekundu chote, kisha akakifukia ndani ya pipa la majivu makavu kipoe polepole mpaka asubuhi. Chuma cha namna ile kikipoa polepole hulainika. Kikipozwa ghafla, huwa kigumu kama kioo.

Jioni aliondoka. Alio ndiye aliyefunga mlango, kama siku zote.

Asubuhi Kananu alitia mkono ndani ya pipa, akagusa mabonge. Majivu makavu hayagandi mabonge. Akakitoa kipande. Kilikuwa na madoa mapya ya kutu. Akakibana kwenye jiliwa, akakipitishia tupa. Tupa iliteleza, ikalia kama kijiko kwenye sahani, na chuma hakikupata hata mkwaruzo.

Alio alikuwa akifungua sanduku lake, amempa mgongo.

"Mzee Alio, nani amekitia maji chuma changu?"

"Ilikuwa moto. Hii karakana ni ya mbao. Nikaogoba moto, nikatia maji."

"Kilikuwa ndani ya majivu. Kingechoma nini?"

Alio alichomoa tupa sandukuni, akaifuta.

"Na wewe ni fundi. Hujui chuma hiki kikitiwa maji kinakuwaje?"

Alio aligeuka, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Najua," akasema.

Abdiwahab alipofika, Kananu alimweleza yote mbele ya mzee mwenyewe, akamwonyesha majivu na tupa. Abdiwahab alikigeuzageuza kile chuma mkononi muda mrefu. "Labda abti aliogopa moto kweli," akasema hatimaye. "Wallahi, tusigombane leo. Salat anakuja." Akaingia ofisini, akarudisha mlango.

Kananu alikung'uta majivu mikononi. Angeweza kukirudisha kipande motoni na kukilainisha upya, lakini kingetaka kutwa nzima kupoa, na nani angekilinda? Yule aliyekimwagia maji jana ndiye mwenye funguo leo. Akatambua kwamba jana alichagua chuma kama mtu anayefanya kazi peke yake. Hakuwa peke yake.

Akavuka barabara hadi kwa fundi wa mageti, akaomba kipande cha nondo nene ya mraba kilichokuwa kimetupwa. Chuma cha geti, chuma laini, ambacho wanafunzi hupewa wajifunzie.

Alio alipokiona alicheka. "Hiyo laini. Itabinda."

"Itapinda, nitainyoosha," Kananu alimjibu, akikibana kwenye jiliwa. "Lakini hiki kichome, kichovye, kifanye utakavyo, hakigeuki kioo. Ndiyo maana nimekichagua."

Kicheko kilikatika. Kananu akaanza kukata. Kwa kuwa chuma kilikuwa laini, alikiacha kinene kuliko kawaida, na mdomo wa kukibana kisu akaufanya mfupi usipate nafasi ya kutikisika. Alitoboa, akakata hesi, akazilainisha kwa mafuta.

Alipokifunga kwenye kerezo na kuanza shafti, kisu kilipiga kelele, kikatetemeka. Akapunguza kina cha kisu, kikala chuma kidogo kidogo, na kelele ikageuka mvumo. Hapo kivuli kikaangukia kazi yake. Alio alikuwa amesimama dirishani.

"Umenizibia mwanga. Sogea."

Hakusogea. "Kabla wewe hujazaliwa mimi nakereza hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko Kananu alivyoizoea. "Ukimaliza hifyo fitu fyako, mimi nabaki na nini?"

Huruma ilimjia Kananu, akaikataa. Ng'ombe wa Sangailu hawakuwa wamemkosea mzee huyu.

"Utabaki na sanduku lako," akamwambia. "Sasa sogea."

Alio alikaa pale kidogo zaidi, ili ijulikane kuwa hakuamrishwa, kisha akaondoka.

Salat alikuja baada ya swala. Aliiingiza shafti kwenye beringi aliyokuja nayo. Ikaingia kwa kusukumwa, bila kuchezacheza. Uso wake ukafunguka. Akampita Kananu, akamwendea Alio, maana mzee ndiye hushukuriwa kwanza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Allah akubariki, mzee. Mkono yako bado iko."

"Amin," Alio alijibu.

Abdiwahab alikohoa, akaanza kutafuta kitu mezani.

"Nimeikereza mimi," Kananu alisema.

Salat alimtazama yeye, akamtazama Alio, akamtazama Abdiwahab aliyekuwa ameinama. Hakuna aliyemsaidia. Akatabasamu kwa wote kwa pamoja, akaibeba shafti begani, akaenda zake, maana gari lilikuwa likimngoja na kisima hakikujali nani ni nani.

Kananu alifungua kishikio, akakifuta mafuta, akakifunga kwa kitambaa na kukitia mkobani. Kilikuwa kizito, kikauvuta ukanda wa mkoba begani mwake. Wiki iliyofuata alitengeneza vingine, vyote vya chuma cha geti, na vyote akavibeba jioni na kuvirudisha asubuhi. Mdomo ukilegea, alitengeneza kingine. Alio naye aliendelea kugonga meza akitaka njia. Kananu aliacha kumpisha.