Miezi Mitatu ya Fundi Rangi

Fundi rangi alikuwa na sheria moja: gari halitoki gereji kabla ya kupigwa mikono mitatu ya rangi. Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwa miaka minne bila mtoto mkewe alipimwa, akanywa dawa, akapimwa tena bila kuonekana kasoro. Mama yake fundi alikuwa ameshamtafutia mke wa pili. Fundi alimwomba mama asubiri miezi mitatu bila kumweleza sababu, kisha akaenda kupimwa mwenyewe.

Daktari, mwanamke asiyezunguka maneno, alimwambia kwamba mbegu zake zilikuwa chache na dhaifu. Moshi wa sigara na mvuke wa tina ya kuzimulia rangi huenda vimezidisha mwilini chembe kali za oksijeni, nazo hushambulia mbegu kama kutu inavyokula bati.

"Acha sigara. Vaa barakoa yenye chujio. Meza kidonge kimoja cha vitamini kwa siku. Mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Rudi wakati huo."

Sigara aliiacha siku ileile. Gereji walimbandika jina la Rubani kwa sababu ya barakoa.

"Rubani, leo tunaruka saa ngapi?"

"Ninyi mtabaki chini," alijibu, akaendelea kupuliza rangi.

Lakini vidonge vya miezi mitatu viliisha mwezi wa kwanza. Alirudi kuomba vingine.

"Ulimeza vingapi kwa siku?" daktari aliuliza.

"Vitatu. Kimoja hakikamati."

"Wewe si bodi la gari, baba! Vikizidi navyo hudhuru. Meza kimoja, na tuanze kuhesabu upya leo, ili kipimo kiwe na maana."

Kwa hiyo muda aliomwomba mama yake haungetosha. Fundi hakusubiri uishe. Jumamosi aliwaita mama na dada yake mkubwa. Mkewe alipoinuka kwenda jikoni, alimzuia.

"Kaa, mke wangu. Mama, mwenye tatizo ni mimi."

"Nani kakuroga?"

"Hakuna mchawi, mama. Ni sigara, na hewa ninayovuta kazini. Mbegu zangu ni dhaifu. Ninatibiwa."

"Toba!" dada alifoka. "Unataja mbegu mbele ya mama?"

"Miaka minne mmetaja tumbo la mke wangu mbele ya kila mtu."

Dada aliinamisha kichwa. Mama alimgeukia mkwewe.

"Na yale madawa machungu niliyokuletea?"

"Niliyanywa yote, mama."

"Yote?"

"Hata lile lililonilaza siku tatu."

Mama akatoa simu, akabonyeza namba, na kusema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Mtafutieni binti yenu mtu mwingine. Mwanangu ana mke."