Kivuko cha Halmashauri Mbili

Mwajabu alikunja kanga hadi mapajani, akamwinamia bintiye. "Panda."

Chausiku akamdandia mgongoni, viatu kavining'iniza shingoni. Maji ya masika yalikuwa yamefika kiunoni, mazito kwa udongo. Hatua chache tu mguu wa mama uliteleza, wakayumba wote wawili. Mwajabu akarudi nyuma akihema. Kengele ya shule ikalia ng'ambo, nao bado wako huku.

"Leo hapana. Rudi nyumbani, ufunge mlango."

Kivuko chao cha magogo, huko nje ya Chanika, kilizolewa na mvua. Mto ndio mpaka: huku halmashauri moja, ng'ambo nyingine, nyumba huku, shule kule. Zamani kikiharibika watu waliitana msaragambo, kazi ya pamoja ya pande zote mbili, magogo yakalazwa na kazi ikaisha na utani wake. Siku hizi kila upande umeonywa na wakubwa wake: atakayekigusa ndiye mwenye nacho, na mtu akivunjika mguu pale, yeye ndiye atakayejibu. Mzazi anayedhani msaragambo haufi, na aje aone.

Mwajabu akaenda ofisi ya kata. Bwana Projestus, mtendaji, alikuwa anamenya muhogo wa kuchoma.

"Mama Chausiku tena?"

"Tena, mtendaji. Leo nusura mtoto anitoke."

"Pole. Ila si nilikwambia, nusu ya mto si yetu."

"Basi tengenezeni nusu."

Projestus akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Waziri anao uwezo, mama. Sheria inamruhusu kuziamuru halmashauri zishirikiane, zitake zisitake. Akiamuru, fundi yuko pale."

"Nani atamwambia?"

"Mkoa."

"Na mkoa utaambiwa na nani?"

"Halmashauri zenyewe. Zikae, ziombe kwa pamoja."

"Zingekuwa zinakaa pamoja, mie ningekuja kwako kutafuta nini?"

Projestus akaushusha muhogo. "Mie mtu mdogo, mama," alisema, akiangalia dirishani.

Alasiri Mwajabu alipita mlango kwa mlango akigonga debe, kama walivyoitanaga zamani. Jirani yake Apolonia akatoa kichwa tu.

"Shoga, watoto hata sie tunao. Lakini tukishakigusa kile kivuko, kitakuwa chetu." Akaurudisha mlango taratibu.

Mnazi mwembamba ulikuwa umeanguka juu kidogo ya mto. Mwajabu aliusukuma peke yake, akiutekua kwa mpini wa jembe, ukabingirika mpaka ukingoni. Chausiku alitoka nyumbani, akasimama akimtazama mama yake. Ng'ambo Gaspar alikuwa anakata majani ya mbuzi.

"Gaspar, kaka yangu, hii ncha ikifika huko ishike tu."

"Dada, mwenyekiti wetu kapita asubuhi. Kasema tukishika, ni chetu."

"Kwa kuwa mtoto wako hana mto wa kuvuka."

Gaspar alifunga majani yake, akaondoka. Aligeuka mara moja, asirudi.

Mwajabu akausukuma mnazi hivyo hivyo. Gogo likaingia majini nusu, na mkondo ukaanza kuivuta ile ncha isiyo na wa kuishika. Akaliwahi, akalikalia.

"Mama, twende."

"Tangulia, mwanangu. Nikiinuka tu, linakwenda."

Jua likazama. Vibatari vikawashwa pande zote mbili za mto, milango ikafungwa, na Mwajabu alikuwa bado amelikalia gogo, miguu majini.