Mwenye Kosa Ni Mimi

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mimi ndiye niliyemfungulia Baba geti. Alikuwa na mazoea ya kurudisha gari nyuma bila kugeuka. Alinitazama mimi kwenye kioo cha pembeni. Nikipunga mkono, anarudi. Nikiinua kiganja, anasimama. Mama alisema Baba ameacha kutumia shingo yake tangu nilipomaliza chuo nikarudi kukaa nyumbani, na siku nikipata kazi itabidi akanunue nyingine.

Siku hiyo nilipunga mkono kama siku zote. Gari likatoka polepole, likakata kona kuingia barabarani, halafu ukasikika mlio mfupi, kama sufuria imedondoka jikoni kwa jirani. Nikatoka mbio. Nyuma ya gari letu, kando kabisa ya ukuta, palikuwa na gari dogo jeupe nililolijua vizuri. Ndani yake, mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani kama mtu aliye safarini, alikaa mume wa dada yangu.

Dada alikuwa na wiki tatu tangu arudi kwetu. Hakupigwa, hakunyimwa chakula, hakuonewa na mtu. Alimweleza Mama mbele yangu, huku akikunja nguo, kwamba amechoka kukisia. Miaka minne ya ndoa mumewe hajamwambia neno moja la moyoni. Umekipenda chakula? Sawa. Nimekuudhi? Sawa tu. Nikienda kwetu je? Sawa. Sisi nyumbani tulimwita Bwana Sawa, ingawa si mbele yake. Mama akasema wanaume wengine maneno yao yako mikononi. Dada akajibu kuwa yeye hajui kusoma mikono.

"Akinitaka ataniambia," alisema. "Asiponiambia, nimeshajua."

Sasa shemeji alikuwa akifanya nini nje ya geti letu asubuhi yote ile? Nilifungua mdomo nimuulize, ikatoka salamu. Baba alishuka, akaitazama taa iliyopasuka na bampa iliyobonyea, akasema kosa ni lake. Shemeji naye akashuka, na bila hata kulitazama gari akasema hapana, mzee, kosa ni langu. Baba akamkumbusha kwamba yeye alikuwa amesimama. Ndiyo, mzee, lakini nilisimama vibaya. Walibishana hivyo kwa adabu kubwa mpaka jirani yetu dereva wa lori akapita, akawaambia yuko barabarani mwaka wa ishirini huu na hajawahi kuona ajali inayogombaniwa kama mali ya urithi. Baba akamkaribisha shemeji ndani. Shemeji akatazama dirisha la chumba cha Dada, akasema anachelewa kazini, akaondoka na taa moja.

Jioni Baba aliniletea fomu ya madai ya bima, kurasa nne, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Alinitajia, nikaandika: nilirudi nyuma bila kutazama. Nilimwomba aniruhusu kuongeza kwamba mimi ndiye niliyempungia. Akasema mkono wangu hauna leseni, niendelee na swali la tano. Lakini usiku huo nilijiuliza mara nyingi kama nililiona lile gari jeupe au sikuliona. Kila nilipokumbuka, lilikuwapo. Nikikumbuka tena, halikuwapo.

Kesho yake shemeji alinipigia simu, akaniomba nitoke hadi kwenye kona ya mtaa. Naye alikuwa na fomu, ya kampuni ileile, maana Baba ndiye aliyempeleka huko alipomwoa Dada. Alisema mwandiko wake ni mbaya, nimsaidie. Nikaiweka fomu juu ya boneti nikaandika alichonitajia: kwamba gari lake lilikuwa kwenye mwendo, na kwamba yeye ndiye aliyemgonga mzee.

Nilimwambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, si ulikuwa umeegesha?"

"Andika hivyo hivyo, shemeji. Mimi nikamdai baba mkwe? Nitamtazama kwa macho gani?"

Nikaandika. Tulipofika mahali palipouliza shughuli iliyomleta eneo la ajali, alichunachuna rangi iliyobanduka kwenye boneti. Kisha akasema niruke hapo. Nikaruka. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui tena nani kamgonga nani, na mimi ndiye niliyekuwapo.

Baada ya siku nne karani wa bima alipiga simu. Alisema ana fomu mbili, ajali mbili tofauti na mwandiko mmoja, kwa hiyo tunakaribishwa sote. Tena gari jeupe limeandikwa kwa jina la mke, naye lazima aje kusaini. Dada alikataa. Mama akamwambia saini si ndoa, nenda. Akapanda kiti cha nyuma, mkoba juu ya magoti.

Shemeji tulimkuta kwenye korido, amesimama ingawa viti vilikuwa vitupu. Alimwamkia Baba, akaniamkia mimi, akamwambia Dada, "Umefika." Dada akasema, "Nimefika." Basi.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, mezani pake mafaili yamepangwa mpaka yanamziba nusu ya uso. Alisogeza mafaili, akaweka stepla katikati ya meza na kuiita gari la mzee. Kidau cha wino wa muhuri akakiita gari jeupe. Kila mtu aoneshe ilivyokuwa. Baba akairudisha stepla nyuma mpaka ikagonga kidau. Shemeji akavirudisha vyote mahali pake, akakisukuma kidau mpaka kikagonga stepla. Mimi nikanyanyua kidole nikasema niliyepunga mkono ni mimi. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie, na niliporudia hata mimi niliona haina maana.

"Miaka kumi na tano nipo hapa," karani alisema, "watu wananikimbilia na makosa ya wenzao. Leo nina watatu, kila mmoja anasema kosa ni lake. Wazee wangu, heshima ni kitu kizuri, lakini hii ni fomu. Nikiikuta na uongo naifunga, na hakuna gari litakaloingia gereji."

Akafungua faili, akasema mkaguzi wao alifika mtaani kwetu na kumuuliza mama mwenye kibanda cha mkaa mkabala na geti. Mama huyo alisema lile gari jeupe analijua. Huja kila siku kabla hakujapambazuka vizuri, likakaa kando ya ukuta na mtu ndani. Mzee akishatoka, nalo linawashwa linaondoka.

Baba alimtazama mkwewe kama mtu anayesoma kibao cha barabara kwa mbali. Dada aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Basi lilikuwa limesimama," karani alisema, akavaa miwani. "Hilo tumelimaliza, kosa ni la mzee. Amebaki huyu na nafasi yake aliyoiacha wazi. Ulikuwa hapo kwa shughuli gani?"

"Andika nilikuwa napumzika," shemeji alisema.

"Kila siku? Ukweni kwako?"

"Sawa, basi andika—" Akaishia hapo.

Karani akamsogezea Dada fomu na kalamu, akamwonesha kwa kidole pa kusaini. Dada aliisoma taratibu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye ile nafasi tupu. Akaiweka kalamu chini.

"Sisaini kitu nisichokielewa," alisema. Hakuwa akimwambia karani.

Nilitamani kutoka nje, lakini mlango ulikuwa nyuma ya shemeji. Baba akaanza kukohoa, kisha akaacha. Shemeji alikishika kile kidau, akakifunika, akakifunua. Vidole vyake viliingia wino. Karani aliona. Akaondoa mikono yake juu ya meza na kungoja.

Shemeji akamgeukia mke wake.

"Nilikuja kukuomba turudi nyumbani," alisema. "Siku tisa nimekuja. Nikitoka kule maneno ninayo, nikifika kwenye ukuta wa baba yako yananiishia. Nakupenda. Ile nyumba, bila wewe, siiwezi."