Koti Juu ya Kiti

Ofisini kwetu Kolwezi mkubwa haondoki kamwe. Anaweza kuwa Fungurume anakula kuku, lakini kiti chake kimevikwa koti, kwa hiyo yupo. Tata Mukalay, mkurugenzi wetu, aliipenda desturi hiyo hata akaniagiza mimi Fifi, fundi wa kompyuta, niihamishie kwenye seva.

Kampuni yetu ya madini ilikuwa inaufukuza mtaa mzima, kwa kosa la kujengwa juu ya kobalti. Mwenye kujiandikisha kwenye tovuti kabla ya Ijumaa saa sita mchana angepewa namba ya kiwanja kingine. Asiyejiandikisha angepewa tingatinga. Hifadhidata ya majina ilikuwa na milango ishirini tu: mtu anaingia, anaandika, anatoka, mwingine anaingia. Tata Mukalay aliamuru kumi na saba ibaki wazi daima kwa ajili ya wakubwa, wasije wakasubiri kama watu. Mmoja nikajiwekea mimi, wa kuichungia mingine. Wananchi wakabakiwa na miwili. Ukarimu ulioje.

Ijumaa hiyo wakubwa wote walikwenda Fungurume kwenye sherehe, milango yao ikakaa wazi bila mtu, na seva ikaihesabu kuwa imejaa. Chini ya dirisha langu, penye mtandao mzuri, Mama Kanku, muuza maharage wa mtaa huo, alikuwa akibonyeza simu tangu asubuhi. Kila mara ilimjibu kwamba nafasi zimejaa.

"Balinifukuzaka mara moja, mu quatre-vingt-treize, juu mi Mukasai," akaniambia, akimaanisha mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa huku kwetu na kurudishwa Kasai. "Balinipakizaka mu treni bila kitu. Hii mara mi nataka niende na namba, mutoto wangu."

Nilimpigia mkurugenzi kuomba ruhusa ya kufunga milango mitupu. Akanielimisha kwa upole, muziki ukilia nyuma yake.

"Chef habamukatiake laini, Fifi." Mkubwa hakatiwi, hata asipokuwepo.

Saa tano na dakika arobaini nikaikata yote kumi na saba. Majina yakamiminika. Nilijiona shujaa, nikajifungulia na soda.

Saa sita kamili tovuti ikajifunga yenyewe. Nikachungulia dirishani nimpongeze Mama Kanku. Akaniinulia simu nisome: nafasi zimejaa.

Nikarudi mbio kwenye orodha. Milango kumi na tisa ilikuwa na majirani wa Mama Kanku, wakiandika hadi dakika ya mwisho. Wa ishirini ulikuwa wazi tangu saa moja asubuhi, haufanyi kitu, kwa jina langu.

Nilishuka kumwambia ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akatia simu mfukoni.

"Treni ya Kasai," akaniuliza, "inapitaka bado?"